Mguu, baiskeli, pikipiki: ni nani anayefungua njia katika msitu wetu wa uwindaji?

Wapendwa wasikilizaji na wasomaji wa Kisangani, na zaidi ninyi ndugu zetu mliohama kutoka Lubunga, Ubundu na Opala na bado hamjarudi kwenu: leo sileti habari ya jana. Naleta habari ya zaidi ya miaka mia moja. Inahusu jambo ambalo watu wanabishana juu yake kila wanapokaa kwenye baraza la shefu au kwenye kambi zenu hapa mjini: je, pikipiki na jipu ziruhusiwe kuingia mpaka ndani ya msitu wa uwindaji, au zisimame kwenye barabara kubwa?

Kila upande una maneno yenye uzito. Mama aliyebebwa kwa machela usiku kucha akiwa na uchungu wa kuzaa hataki kusikia kwamba pikipiki ni mbaya. Kijana anayelisha watoto wake kwa kubeba mchele na mafuta ya mawese kutoka vijijini anauliza: mnataka nibebe kichwani kama babu yangu? Na mwindaji mzee naye anajibu: zamani nilitoka asubuhi na jioni nikarudi na mboloko. Leo ninalala porini siku tatu na ninarudi na nungunungu mmoja. Wanyama wamekwenda wapi, kama si mjini, nyuma ya pikipiki?

Nimesikiliza pande zote mbili. Wote wanasema kweli. Lakini tunabishana juu ya chombo na kusahau swali la kwanza: ni nani anayefungua njia ambayo chombo kinapita? Turudi nyuma tuone.

Msitu wa wote, mlinzi wake miguu

Kwanza tuelewane juu ya msitu wenyewe. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi ni mali ya serikali. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 ikaja kugawa misitu katika mafungu: iko inayohifadhiwa kabisa, iko ya kukata mbao, na iko ile inayoitwa misitu ya kulindwa, ambayo wakaaji wake wanaendelea kuitumia kufuatana na desturi zao. Vijiji vingi vya Tshopo vinawinda katika fungu hilo la mwisho. Kwenye karatasi ni msitu wa umma. Kwa desturi, kila ukoo unajua kijito kipi ndicho mpaka wake, na mtego wa mtu hauguswi na mwingine.

Sasa, kabla ya karatasi zote hizo, ni nini kilichowalinda wanyama? Heshima ya desturi, ndiyo. Miiko ya ukoo, ndiyo. Lakini mlinzi mkubwa zaidi alikuwa umbali. Mtu anabeba kilo thelathini hivi mgongoni au kichwani, na hawezi kufika mbali kabla nyama haijaoza. Hata ukiikausha kwa moshi, bado lazima uibebe. Kwa hiyo nyama ililiwa karibu na mahali ilipouawa. Ukiwinda kupita kiasi cha watu wako, unafanya kazi ya bure.

Kitu kilichoweza kulipia umbali huo kilikuwa kile chenye bei kubwa kwa uzito mdogo. Ndiyo maana pembe za tembo zilitoka mapema. Stanley alipita kwenye maporomoko yetu Januari 1877. Kituo cha Stanley Falls kikaanzishwa mwisho wa mwaka 1883, na mwaka 1887 Tippu Tip akafanywa liwali wa hapa kwa niaba ya Mfalme Leopold. Pembe zilisafiri kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu, na wengi wa watu hao hawakuchagua kazi ile. Tembo waliisha kwanza mahali pengi, lakini mboloko, kima na nguruwe wa porini walibaki, kwa sababu hakuna msafara uliokuwa tayari kubeba mboloko mpaka Zanzibar.

Shikeni jambo hili, kwa sababu ndilo litakalotusaidia kuelewa yote yanayofuata: chombo cha usafiri ndicho kinachoamua ni mnyama gani atakuwa na soko.

Tembo, reli, na magari ya mikanda

Wakoloni walichoka haraka na wachukuzi. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kuanzia karibu mwaka 1900, kamanda mmoja Mbelgiji, Laplume, alijaribu huko Bas-Uele kufuga tembo wetu wa Afrika ili wavute mikokoteni na kulima. Kazi hiyo ilifanyika Api, kisha ikahamia Gangala na Bodio, karibu na pale ilipo leo mbuga ya Garamba. Tembo walifundishika kweli. Lakini hawakuwa wengi vya kutosha kuchukua nafasi ya mabega ya watu.

Reli nayo ilikuja kwa sababu ya maporomoko. Mwaka 1906 treni ilianza kutembea kilomita 125 kutoka ng'ambo ya kushoto, upande wa Lubunga, mpaka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Wazee wa Lengola wanaijua vizuri reli hiyo, maana ilipita katikati ya misitu yao. Hakuna baraza lililokaa kuwauliza kama ipite.

Kisha ukaja mwaka 1925. Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu huu ndio mwanzo wa mabishano yetu ya leo. Kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilituma msafara wa magari manane yenye mikanda ya mpira badala ya magurudumu ya nyuma, yaliyotengenezwa ili yapite pasipo na barabara. Yaliondoka Colomb-Béchar, Aljeria, tarehe 28 Oktoba 1924, chini ya uongozi wa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yalivuka jangwa, yakaingia Kongo kutoka kaskazini, yakafika Stanleyville, kisha yakaingia msitu wa Ituri kuelekea Kampala. Ulaya walishangilia: gari limeshinda msitu!

Lakini sisi wa hapa tuulize: lilishindaje? Gari lile la ajabu halikuweza kupita peke yake katikati ya miti mikubwa ya Ituri. Njia ilifunguliwa mbele yake. Utawala wa Wabelgiji ulitoa wenyeji kwa wingi wakate miti, wang'oe visiki na kulaza magogo juu ya vijito. Katika picha na filamu za safari ile, mashujaa ni magari na madereva wake. Waliofungua njia wakarudi vijijini mwao, kama vijiji vilikuwa bado mahali pake.

Kijiji kinahamia kando ya barabara

Maana hilo ndilo lililofuata. Barabara zilipoongezeka katika miaka ya 1920 na 1930, utawala ulitaka watu wakae mahali wanapoweza kuhesabiwa, kutozwa kodi na kupelekwa kazini. Vijiji vilitolewa ndani ya msitu na kupangwa mstari mmoja kando ya barabara. Ndivyo tunavyoviona mpaka leo ukitoka Kisangani kwenda Banalia, Bafwasende au Opala: nyumba mbele, mashamba nyuma, kisha msitu.

Kila kijiji kikapewa kipande chake cha barabara cha kutunza. Agizo la mwaka 1933 liliruhusu utawala kumdai kila mwanamume mzima siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka, na wakati wa vita vya pili vya dunia siku hizo zikaongezwa. Wazee wetu walilima pamba ya lazima na kujaza mashimo ya barabara ambayo malori yake hawakupanda.

Lakini matongo hayakusahauliwa. Kule ndani, mahali kijiji cha zamani kilipokuwa, michikichi bado inasimama na makaburi yapo. Mpaka leo, mwindaji akikuonyesha haki ya ukoo wake juu ya msitu, hakuonyeshi karatasi. Anakutajia matongo, moja baada ya jingine, na vijito vinavyoyaunganisha. Hiyo ndiyo ramani yetu. Na ramani hiyo inatembewa kwa miguu.

Katika miaka hiyo hiyo sheria za uwindaji zikaandikwa. Rubi-Tele, karibu na Buta, ikafanywa eneo la uwindaji. Mwaka 1933 wakuu wa makoloni walikutana London na kukubaliana juu ya kuhifadhi wanyama wa Afrika. Katika mapatano yale walikataza kuwinda kwa kutumia gari au ndege. Msidhani waliwaza juu ya babu zetu. Mwaka 1933 mwenye gari la kuwindia alikuwa Mzungu, na walijua wenzao wanafanya nini. Ila mapatano hayo hayo yalikataza pia nyavu, mashimo na mitego, yaani zana za wanakijiji.

Mwaka 1968 nchi huru za Afrika zilikutana Algiers na kuandika mapatano yao wenyewe. Yalisema tena kwamba, kadiri inavyowezekana, kuwinda kwa vyombo vya mota kukatazwe, pamoja na kuwinda usiku, kwa moto, kwa nyavu na kwa mashimo. Kongo nayo ilitia sahihi. Ndipo Zaire ikatoa sheria yake ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, ile inayopanga vibali, majira ya kufunga uwindaji na wanyama wasioruhusiwa kuuawa.

Kwa hiyo anayesema kwamba kukataza mota porini ni mawazo mapya ya mashirika ya kizungu, ajue kwamba serikali za Afrika zenyewe ziliyaandika zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Na anayesema sheria inatosha, naye ajiulize: chombo cha tajiri na chombo cha maskini vimekatazwa pamoja, lakini kipi ni rahisi zaidi kukamata? Mwenye wavu anakaa kijijini, anajulikana. Mwenye jipu ameshaondoka.

Barabara zilipokufa

Baada ya uhuru, barabara zilianza kufa pole pole. Uasi wa 1964 ulipita hapa na kuacha vilalo vimevunjika. Mwaka 1971 serikali ilianzisha Ofisi ya Barabara, na raia wakarudishwa kazini kwa jina la salongo, lakini kuanzia katikati ya miaka ya 1970 uchumi ulianguka na mashine zikasimama. Kufika miaka ya 1990 lori lilichukua wiki nyingi kwenye barabara iliyokuwa ya siku mbili. Njia nyingi za pembeni zikarudi kuwa msitu.

Halafu vita. Kuanzia 1998 mto ulifungwa kwa biashara kati yetu na Kinshasa. Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu, na hakuna mtu mzima wa Makiso au Tshopo asiyekumbuka siku hizo sita.

Katika njaa ile, baiskeli ndiyo iliyotuokoa. Toleka ilibeba watu mjini. Nje ya mji, wanaume walisukuma baiskeli zilizopakiwa mafuta, chumvi, mchele na nyama iliyokaushwa, kwa mamia ya kilomita, bila kupanda, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo iliyofungwa kwenye kiti. Baiskeli moja ilipita mzigo wa watu watatu au wanne. Kwa mara ya kwanza, nyama ya mbali iliweza kufika sokoni Kisangani bila lori. Lakini bado ilikuwa mwendo wa mguu. Baiskeli iliongeza mzigo, haikupunguza siku.

Katika miaka iliyofuata amani ya 2003, barabara ya taifa nambari 4, kutoka Kisangani kwenda Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa mpaka Beni, ilifunguliwa tena. Sisi wote tulifurahi. Bei ya sabuni ilishuka. Watafiti waliofuatilia soko la nyama ya pori hapa Kisangani kutoka 2002 hadi mwisho wa muongo ule waliona kwamba kiasi kiliongezeka. Walioishi hapa hawakuhitaji mtafiti kuwaambia.

Funzo la Epulu

Barabara hiyo nambari 4 inapita katikati ya Hifadhi ya Okapi, kule Epulu, katika jimbo jirani la Ituri. Ninaileta kwa sababu ni mahali ambapo mabishano yetu yalipimwa kwa vitendo.

Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1992, ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1996. Mwaka uliofuata tu ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Si mbuga ambayo watu wamefukuzwa. Wambuti na wakulima wanaishi humo, na kuwinda kwa ajili ya chakula, kwa zana za desturi, katika maeneo yaliyokubaliwa, kunaruhusiwa. Yaani mguu unaruhusiwa. Gari linatakiwa kubaki barabarani.

Wazo hilo ni zuri. Shida ilikuwa nini? Barabara ilipotengenezwa, ilileta watu wa kutafuta dhahabu, mbao na nyama kutoka mbali, na njia za pembeni zikachipuka kama matawi ya mto. UNESCO ikaomba mara nyingi kwamba magari yanayopita katika hifadhi yadhibitiwe. Na tarehe 24 Juni 2012, watu wenye silaha waliokuwa chini ya Morgan walishambulia kituo cha Epulu. Waliua watu, wakachoma nyumba, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakaangamia. Kundi hilo lilikuwa na mkono katika biashara ya pembe na ya dhahabu.

Ninajifunza mambo mawili hapo. La kwanza: kutenganisha mguu na gari kunawezekana, na wakaaji wanaelewa sababu yake. La pili: mpaka huo haulindwi na karatasi wala na walinzi wachache peke yao. Unalindwa na wenyeji wanaokaa pale, kama wanaona kwamba msitu ni wao.

Nje ya kwetu pia walipita hapo. Marekani, tarehe 8 Februari 1972, Rais Nixon alitoa agizo juu ya pikipiki na magari ya porini kwenye ardhi za umma, baada ya wawindaji, wafugaji na wapanda pikipiki kugombana kwa miaka. Hakusema ziruhusiwe kote, wala zikatazwe kote. Aliagiza ofisi zinazosimamia ardhi hizo zitaje njia kwa njia, eneo kwa eneo: hapa panafunguliwa, hapa panafungwa, na raia washirikishwe. Mabishano hayajaisha kwao mpaka leo, lakini angalau wanabishana juu ya ramani.

Pikipiki imebadilisha nini?

Turudi kwetu. Pikipiki za bei nafuu zilijaa Tshopo katika miaka ishirini hivi iliyopita. Lori linahitaji barabara na kilalo cha nguvu. Pikipiki inahitaji kijia na magogo mawili juu ya kijito. Kwa hiyo inafika mahali ambapo hakuna chombo chochote kilichowahi kufika.

Inaleta chanjo, mitihani ya shule, dawa na daftari. Inamtoa mgonjwa. Inatoa mahindi kabla hayajaharibika. Mtu asiyeyasema haya hasemi kweli.

Lakini pia imefanya kitu ambacho baiskeli haikuweza: imepunguza siku. Nyama iliyouawa asubuhi ndani ya msitu inaweza kuwa mjini jioni, mbichi, kwa bei ya juu. Na inarudi na risasi na waya wa mitego. Mfanyabiashara wa mjini anampa kijana wa kijijini bunduki ya kalibre 12 na risasi kwa mkopo, kisha anafuata nyama yake kwa pikipiki. Kijana anabaki na fungu dogo na deni. Ukoo unabaki na msitu usio na sauti. Hapo mwindaji amekuwa kibarua katika msitu wa baba yake.

Tuone pia upande wa pili. Mwaka 2007, mjini Opala, watafiti waliona kima aliyefungwa nyumbani kwa mtu ambaye hawakuwa wanamjua. Wawindaji wa huko walimjua tangu zamani, wanamwita lesula. Mwaka 2012 dunia nzima ilitangaziwa aina mpya ya kima, na mwaka 2016 Mbuga ya Taifa ya Lomami ikaundwa kati ya Tshopo na Maniema. Ni kitu gani kilichomficha lesula mpaka karne hii? Umbali ule ule. Miguu ndiyo iliyomtunza.

Neno kwa familia zilizohama

Sasa ninawageukia ninyi ambao mnasikiliza mkiwa mbali na matongo yenu. Tangu 2023, ugomvi ulioanza juu ya ardhi kule Lubunga uligeuka kuwa vita kati ya ndugu, Wambole na Walengola, ukaenea mpaka Ubundu na Opala. Watu waliuawa, vijiji vilichomwa, na maelfu walivuka mto kuja upande huu. Sitarudi juu ya nani alianza. Ninataka tu kusema kitu ambacho historia hii yote inatuonyesha.

Mwenye msitu asipokuwepo, njia haimsubiri. Reli haikusubiri, gari la mikanda halikusubiri, wala barabara za pamba. Leo, wakati mnapanga foleni ya chakula, kuna misitu ambayo mwenyewe hayupo, na anayefungua kijia cha pikipiki humo anafungua pia madai. Kesho atasema: mimi ndiye niliyetengeneza njia hii. Na njia itakuwa ushahidi wake, kwa sababu inaonekana, na matongo yenu hayaonekani kwa mtu asiyeambiwa.

Kwa hiyo msiache kazi hii mpaka siku ya kurudi. Kaeni na wazee mlio nao hapa, wangali hai, mwandike majina ya matongo, ya vijito na ya mipaka. Daftari la mtoto wa shule linatosha kwa kuanzia. Wenye simu, rekodini sauti zao.

Mkirudi, jambo la njia liwe la kwanza mezani, pamoja na la nyumba, na meza hiyo iwe na Wambole na Walengola pamoja. Vijia vingi vinavuka mpaka wa hawa na wa wale, na kijia kilichokubaliwa na upande mmoja tu ni ugomvi mwingine unaosubiri siku yake.

Sheria inatoa pia chombo ambacho babu zetu hawakuwa nacho. Tangu agizo la tarehe 2 Agosti 2014, jamii inaweza kuomba msitu wake wa desturi uwe msitu wa jamii, mpaka hekta 50,000, bila kuununua na bila mwisho wa muda. Ndani ya msitu huo ni jamii inayopanga matumizi. Inaweza kuandika: pikipiki inafika mpaka kijito hiki, kwa mgonjwa na kwa mavuno, kupita hapo ni miguu, bunduki haipandi pikipiki, usiku hakuna kuwinda. Kupata hati kunachukua muda na safari nyingi za ofisini, najua. Ndiyo sababu ya kuanza na daftari sasa.

Wengine watanijibu: tunazijua bariyeri za nchi hii. Leo wanaweka mti kulinda mboloko, kesho wanautumia kutoza pesa. Ni kweli, na ni hatari kubwa kuliko zote, maana bariyeri inayopokea pesa inamfungia maskini na kumfungulia mfanyabiashara wa risasi. Dawa yake ninayoiona ni moja: bariyeri ya msitu isipokee hata faranga. Iwe na daftari la majina, iwe mikononi mwa watu wanaobadilishwa kwa zamu, wanawake wakiwemo, na daftari lisomwe mbele ya kijiji chote kila mwezi. Akipita mtu mwenye nyama ya kujaza pikipiki, kila mmoja atajua ni nani na amepitishwa na nani.

Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu alinionyesha tawi bichi lililolazwa katikati ya kijia. Halikuwa kubwa, hata mbuzi angeliruka. Nikataka kulitoa. Akanizuia, akaniambia kwamba mwenye msitu ule amefunga upande huo mpaka wanyama wazae. Tulizunguka. Tulifika kwetu usiku, tumechoka, na hatukuona mtu yeyote njiani wa kutuzuia.

Tawi lile lilitosha kwa sababu aliyeliweka alijulikana na alikuwepo. Mabishano juu ya pikipiki hayataisha kesho, na wala sisemi zifukuzwe. Ninasema tu kwamba mwenye kuweka tawi, na mwenye kulitoa, awe mwenyeji, na afanye hivyo mbele ya wenzake. Wenye matongo, anzeni kuyataja majina yake leo jioni.